Pua Iliyojua Mafuta ya Usukani

Hapa Mafia gari likidondosha mafuta, watu hawaulizi limevuja wapi. Wanauliza, "Fundi keshalinusa?" Hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka yote niliyomjua, na nimemjua tangu nilipokuwa sijui hata mafuta ya usukani yanakaa upande gani wa injini. Aliinama, akatia kidole cha shahada kwenye tone lililoanguka chini, akakisugua kwa dole gumba, akakileta puani, akafumba macho. Watu wote kimya. Hata kuku, wallahi, walikuwa wakinyamaza. Kisha akasema, "Haidroliki, mafuta ya usukani. Mpira wa kurudishia," akaenda zake kunawa mikono.

Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani, hilo waulizeni wanaopenda kuhesabu makaburi. Mimi namjua mtu mwenyewe: mrefu, mkavu, kofia nyeupe iliyonyooka kama imepigwa pasi kichwani humohumo, na pua ambayo kama ingekuwa shamba basi ingetosha kupanda mihogo misimu miwili. Jina lake analo. Lakini hata mkewe, anayekaanga vitumbua kando ya banda la mumewe, humwita Fundi, na sisi tukamwita mke Bi Vitumbua, mambo yakaishia hapo.

Nimeshika kalamu kwa sababu moja. Mwaka huu yameanza maneno kwamba ile pua imekufa, na pua ikifa, Fundi naye kwisha kazi, akae nyumbani avae kikoi ahesabu mawingu. Maneno hayo nimeyasikia feri ya Nyamisati inapopakua, nimeyasikia msikitini baada ya sala, nimeyasikia Utende kwa watu ambao hawana hata baiskeli. Basi na mimi niseme ninachokijua, maana kwa kigari changu cha kupeleka wageni kutoka kiwanja cha ndege hadi Utende, nimekaa kwenye banda lile kuliko nilivyokaa darasani. Na darasani nilikaa, msinidharau! Kidato cha nne nimekimaliza kwa masomo ya jioni, ndevu zikiwa zimeshafika kifuani na mwalimu wangu akiniamkia shikamoo kwa bahati mbaya.

Banda lenyewe ni nguzo za mikoko na makuti, na mbele mabati mawili. Sakafu ni mchanga mweupe, na mchanga huo ulikuwa sehemu ya kazi. Kila asubuhi aliufagia, akamwaga mwingine mpya mahali gari litakaposimama, akausawazisha kwa ubao kama mtu anayeandaa mahali pa kuswalia. Gari likiingia, hakuna kugusa kitu. Injini inawashwa, Fundi anaketi kwenye kigoda, anatazama mchanga. Sisi wateja tunatazama Fundi. Tone likianguka, mchanga unalinywa na kuacha alama nyekundu au ya kahawia, na yeye anatabasamu kama mtu aliyeona mwezi wa Idi.

Lakini usifikiri aliliamini tone. Msemo wake mkubwa, ambao aliurudia mpaka sisi tukawa tunaujibu kama watoto wa madrasa, ulikuwa huu:

"Tone?"

"Mwongo, Fundi!"

"Kwa nini?"

"Linaanguka pasipo kwao!"

Na ni kweli. Kigari changu kiliwahi kudondosha chini ya mlango wa abiria, nyuma kabisa ya gurudumu la mbele. Nikaapa kwamba mlango unavuja. Msicheke, nilikuwa kijana. Fundi akaniambia, "Wewe msomi, mlango unavuja mafuta gani, ya kujipaka?" Akanipeleka taratibu kwa kidole: kutoka chini ya mlango akapanda kwenye chuma cha chasisi, akaenda mbele, akapanda tena, akafika kwenye mpira mmoja mwembamba unaorudisha mafuta kwenye chombo chake. Klempu iliyoubana ilikuwa imeliwa na kutu, maana hewa ya hapa ina chumvi ya kutosha kupikia mchuzi. Mafuta yalitoka pale, upepo wa mwendo ukayasukuma nyuma, yakatembea juu ya chuma mpaka yakachoka, yakaanguka chini ya mlango. "Umeona?" akasema. "Mwizi kaiba Kilindoni, wewe unamtafuta Ndagoni kwa sababu ndiko alikopumzika."

Kama tone halikufuatika, alitumia poda. Poda ya watoto, hii hii ya dukani yenye picha ya mtoto mnene. Kwanza aliosha injini kwa sabuni, akaikausha kwa tambara, akatulia mpaka ikauke kweli. Kisha akanyunyiza poda kwenye pampu, kwenye mipira, kwenye maungio yote, mpaka injini ikawa kama maiti inayosubiri sanda, Mungu atusamehe. Halafu mtu anaingia ndani, anawasha, anazungusha usukani kushoto mpaka karibu na mwisho, kulia mpaka karibu na mwisho. Panapovuja poda inalowa, na alama yake huwezi kuibishia. Wauza maduka waliamini kwamba Fundi ndiye mwenye watoto wachanga wengi kuliko mtu yeyote kuanzia Bweni hadi Jibondo. Mmoja alimpa hongera kila mara kwa muda mrefu sana, na Fundi hakumkatalia. "Sifa usiikatae," alisema, "huwezi kujua itakufaa lini."

Siku moja mwenyekiti wa kijiji alikuja na gari la kuazima, akataka kuona mwenyewe. Fundi akamwambia, "Mwenyekiti, sogea nyuma." Mwenyekiti akasema yeye hasogei nyuma, yeye ni mwenyekiti. Injini ikawashwa, feni ikazunguka, poda yote ikapaa ikampata usoni. Alikwenda kikaoni vilevile, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekuwa na moyo wa kumwambia, na nasikia siku ile hoja zake zote zilipita bila kupingwa. Watu walidhani ni mzimu.

Kwenye kugeuza usukani alikuwa mkali kuliko kamanda. Ole wako uushikilie pale mwishoni. "Mwachie! Mwachie apumue!" Pampu ililia kama kuku aliyekanyagwa, na yeye akaja mbio, akakupiga kofi mkononi. Na watu wa kuongeza mafuta kila asubuhi bila kutafuta yanakokwenda, hao aliwaona kama makafiri. "Mtu anaharisha, unamnywesha uji tu kila siku. Utampeleka lini hospitali?"

Sasa hapa niseme juu ya mikono yake. Hakuwa fundi wa kunuka. Ukimkuta msikitini ungesema ni karani wa forodha. Alikuwa na ndoo ya majivu, ndimu zilizokatwa na kipande cha sabuni ya mche, na kila adhana ikikaribia alianza kujisugua mapema, kucha kwa kucha, mpaka sisi tuliokwisha tawadha tukamsubiri. Sababu ni hii: mafuta yakikaa juu ya ngozi, maji ya udhu hayaifikii ngozi, na udhu usiofika kwenye ngozi si udhu. Hilo lilimtesa kuliko njaa. Nadhani ndiyo sababu aliyachukia mafuta yanayovuja kama watu wengine wanavyomchukia nyoka. "Mafuta yakae ndani ya gari," aliniambia, "na mimi nikae nje ya mafuta. Kila mmoja kwake."

Na bado, mtu huyu msafi alilala chini ya magari kutwa, ametandika kipande cha boksi. Ndivyo alivyokuwa, mambo mawili mawili. Alijua usukani wa kila gari kisiwani, na yeye mwenyewe hakuendesha hata mita moja. Nilimuuliza. Akasema, "Nikiendesha nitakuwa nasikiliza pampu. Nikisikiliza pampu sitauona mnazi." Alikwenda kwa baiskeli, na baiskeli hiyo ilipiga kelele kama punda aliyefiwa, kwa sababu hakuitia mafuta kabisa. Ukimwambia, anakujibu baiskeli haina pampu.

Kutia chumvi hakukuvumilia. Nikianza kueleza, "Fundi, gari lilinguruma mpaka samaki wakaruka Chole," ananikata: "Lilinguruma, basi. Samaki waache." Lakini yeye huyo huyo alituapia kwamba siku moja, amelala kibarazani kwake, ndege ndogo ilipita juu ikielekea Dar na yeye akanusa kwamba inavuja haidroliki kwenye miguu. Hapo mimi, bingwa wa chumvi, nilikaa kimya. Ukimwona aliyekuzidi, mvulie kofia.

Na kukosea alikosea. Lilikuja gari jipya la wageni, linang'aa, linadondosha kitu katikati ya mchanga. Fundi akanusa, hakuna harufu. Akanusa tena. Akaonja! Kutwa nzima alifungua, akafunga, akapiga poda. Mwishowe dereva akasema kwa upole, "Fundi, hayo si maji ya kiyoyozi?" Nasi sote tulikuwa tumeshajua tangu adhuhuri ila tuliogopa kusema. Fundi akasimama, akanawa, akasema, "Ni maji. Lakini ni maji yenye tabia ya mafuta." Akaondoka kwa baiskeli yake, punda akilia.

Basi mtu wa namna hiyo, mwenye majivuno ya kujaza jahazi, utamwambiaje pua yake imekufa?

Iliondoka na homa. Aliugua kabla ya Ramadhani, homa ya kawaida tu, siku kadhaa kitandani, akapona, akarudi bandani na kofia yake. Akanusa tone la kwanza, akafumba macho. Ila nilivyomwona mimi, safari hii alikaa macho yamefumbwa muda mrefu zaidi. Akasema, "Mafua haya." Na mafua yale yakaendelea. Yakapita Ramadhani, yakapita Idi, yakaingia kipupwe. Akawa akitaja jibu kwa kuangalia rangi na kubahatisha, na kwa kuwa magari mengi ya hapa huvuja mahali pamoja, alipatia. Mtu aliyezoea kusifiwa akipatia mara nyingi, anaweza kufika mbali bila pua.

Mpaka alipokuja Shomari.

Shomari anaendesha pikapu ya barafu na samaki, Utende kwenda Kilindoni, na kurudi hubeba yeyote atakayepungia mkono. Kijana mwema, mdomo mkubwa. Pikapu yake ilishikwa na ugonjwa ambao kisiwa kizima kilikuja kuutazama. Asubuhi usukani ulikuwa mgumu kama kusukuma nyumba, Shomari akikata kona ya msikitini kwa mikono miwili na kalma moja. Jua likipanda, usukani unalainika. Ikifika adhuhuri unazunguka kwa kidole. Usiku upepo wa kusi ukipiga, kesho yake ugumu uleule. Wazee wa Ndagoni wakasema pikapu ina shetani wa alfajiri. Mwingine akashauri ifukizwe ubani chini ya boneti.

Aliileta bandani adhuhuri, nami nilikuwepo. Nyuma alikaa mama mmoja wa Ndagoni na makapu yake. Fundi akafungua kifuniko cha chombo cha mafuta ya usukani, akatia kidole, akasugua, akaleta puani, akafumba macho. Kuku kimya.

"Haidroliki safi," akasema. "Imechoka kidogo tu."

Sasa jamani, mimi nilikuwa nimesimama mbali, na nilisikia harufu mpaka nikamkumbuka marehemu bibi yangu. Kila mtu aliisikia. Hakuna aliyethubutu kusema. Ndipo yule mama wa Ndagoni, asiyemjua Fundi wala heshima zake, akasema kwa sauti ya sokoni:

"Mbona hapa kunanukia kichwa cha bi harusi?"

Mafuta ya nazi! Pikapu ilikuwa imejaa mafuta ya nazi, yametiwa rangi na haidroliki iliyobaki. Shomari akakiri palepale, mikono kichwani: ilikuwa ikivuja, haidroliki madukani imekwisha, feri haijaja, na shangazi yake anakamua mafuta ya nazi mazuri kuliko yote kisiwani. "Nikasema mafuta ni mafuta! Yakilainisha goti la bibi, yatashindwa usukani?" Kumbe baridi ya kipupwe ikiingia, mafuta ya nazi yanaganda yakawa meupe kama mshumaa, na jua likipanda yanayeyuka. Huyo ndiye shetani wa alfajiri.

Watu walicheka mpaka makuti yakatikisika. Walimcheka Shomari. Lakini kicheko kikaanza kupungua, kimoja kimoja, kwa sababu kila mtu alifika mwenyewe kwenye jambo lile lile: Fundi alikuwa amekiweka kidole puani, na hakunusa nazi. Mtu wa Mafia! Sisi tunazaliwa tunapakwa nazi, tunaozwa tunapakwa nazi. Bi Vitumbua alikuwa ameinamia kikaango chake, anageuza kitumbua kilekile ambacho kilikuwa kimeshaungua.

"Nina mafua," Fundi akasema. Akaenda kunawa, na adhana ilikuwa bado sana.

Baada ya siku ile magari yakaanza kupita bandani bila kusimama, yakaenda kwa vijana waliofungua gereji yao karibu na kiwanja cha ndege. Pikapu ya Shomari ilikwenda huko kutolewa nazi. Mchanga wa Fundi ukawa unafagiwa kila asubuhi na kubaki mweupe mpaka jioni.

Nikaenda kwa Bi Vitumbua, nikajifanya nanunua vitumbua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Chukua vya kulia, hivyo vya kushoto vimeungua." Akanitazama. "Hukuja kununua wewe. Haya, sema."

"Fundi hajambo?"

"Hanusi kitu," akasema taratibu. "Niliunguza maharage mbele yake, nyumba ikajaa moshi, amekaa tu anasoma uradi wake. Nikajua. Lakini nikimwuliza ananiambia mafua. Yule atakufa hajakiri. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua, hawakusema mficha pua humfichua nani."

"Sasa itakuwaje?"

"Itakuwaje? Akikosa gari la kulala chini yake, mimi ndiye nitakayekwisha. Jana kalala chini ya meza yangu ya jikoni, anatafuta birika linavuja wapi. Kalipiga poda, baba! Nimekunywa chai ya poda." Akacheka, kisha hakucheka. "Akikaa nyumbani hamalizi mwaka yule. Mtu wa kazi ukimwondoa kazini ni kama umemfunga maiti mdomo. Bora akiri tu, aseme, watu wamsaidie. Lakini nani atamwambia?"

Mimi sikumwambia. Nina mdomo, lakini nao unajua mipaka yake.

La mwisho katika haya ninayosimulia lilitokea wiki iliyopita. Nilipita bandani bila shida yoyote ya gari, nimempelekea ndimu. Nikamkuta Fundi kwenye kigoda, anautazama mchanga wake mtupu. Tulikaa. Mara pikapu ya Shomari ikaingia, ikasimama palepale kwenye mchanga uliosawazishwa. Nyuma walijaa akina mama wa Utende na ndoo zao, wanataka kurudi kwao kabla jua halijawa kali.

"Shikamoo, Fundi," Shomari akasema kwa adabu ambayo hakuwa nayo zamani.

"Marahaba. Vijana wako wamefunga gereji?"

"Hawajafunga. Wamekaza klempu zote, wamebadilisha mpira, na bado inadondosha hapa mbele, karibu na gurudumu. Wao wanasema ni usukani. Mimi..." akakuna kichwa. "Mimi nikasema nije. Fundi, yale mafua yamepona?"

Fundi akainama. Alilitazama tone lililoanguka kwenye mchanga, halikuwa na rangi ya kusema neno. Akatia kidole, akasugua. Kidole kikapanda mpaka karibu na kidevu, kikasimama hapo. Wale akina mama walikuwa wanamtazama, na Bi Vitumbua alikuwa anamtazama, na mimi nilitazama ndimu zangu.

"Hayajapona," akasema. "Wala hayatapona. Sinusi kitu, Shomari. Tangu kabla ya Ramadhani sinusi petroli, sinusi udi, sinusi chakula cha mke wangu." Akashusha kidole. "Macho ninayo. Mikono ninayo. Pua atanisaidia mwenye nayo. Wewe msomi, njoo."

Nikaenda kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nikapiga goti, nikanusa.

"Fundi," nikasema, "hii harufu... ni kama mtu amechukua mwezi wa kumi na nne akauchemsha na..."

"Sitaki utenzi! Nakuuliza harufu."

"Ni... ni ya kitu, Fundi."

"Miaka yote ya masomo ya jioni, ni ya kitu! Ondoka. Shomari!"

Shomari akainama, akavuta pumzi kama mpiga mbizi. "Mafuta," akasema. Akina mama nyuma ya pikapu wakapiga vigelegele vya dhihaka. Mmoja akasema inanuka kama viatu vya mumewe, mwingine akasema viatu vya mumewe yeye ni vibaya zaidi, na Fundi ameshaingia chini ya gari, miguu yake tu inaonekana, anapiga kelele kutoka huko, "Mmoja mmoja! Na asiyejua kunusa asiseme!"

Bi Vitumbua akaweka kijiko chake kando ya kikaango. Akaja akijifuta mikono kwenye kanga. Hakuomba ruhusa. Akapiga goti, akachukua tone kwa kidole kidogo, akapitisha chini ya pua mara moja tu.

"Hii si ya usukani," akasema. "Hii ya breki."

"Ah, Bi Vitumbua," Shomari akacheka, "rudi kwenye vitumbua, Mama, vinaungua."

"Nyamaza wewe," ikaja sauti kutoka chini ya gari. Tukasikia mkono wa Fundi ukipapasa nyuma ya gurudumu, taratibu, ukipanda. Kisha ukasimama. "Shomari. Ingia ndani. Kanyaga breki, shikilia, usiachie."

Shomari akaingia, akakanyaga.

"Inakwenda mpaka wapi?"

Shomari akakanyaga tena. "Asubuhi nilikuwa nikipiga mara mbili ndipo inashika," akasema. "Sasa inakwenda... Fundi, inakwenda mpaka chini. Inalala kabisa."

Wale akina mama wakaanza kushuka mmoja baada ya mwingine, ndoo zao mkononi, bila kuambiwa na mtu. Hakuna aliyefanya mzaha tena. Mmoja akakaa kwenye ukingo wa msingi wa duka la jirani, akamshukuru Mungu kwa sauti ndogo.

"Mpira wa breki umepasuka nyuma ya gurudumu," Fundi akasema kutoka chini. "Unajificha. Mngefika kwenye mteremko tu." Halafu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeuliza kwa sababu hajui: "Mke wangu. Nani kakufundisha?"

"Ovaroli zako zinafuliwa na nani?" Bi Vitumbua akasema. "Ya usukani haitoki mpaka nichemshe maji. Ya injini inanuka moshi. Ya breki inatoka kwa maji matupu, lakini ina harufu kama samaki aliyetiwa sukari, inanikaa vidoleni hata nikichanganya unga. Miaka yote hii nafua, nisijue ninachofua?"

Vitumbua vilikuwa vinaungua na hakuna aliyekwenda kuvigeuza. Kisha mkono wa Fundi ukatoka kando ya gurudumu, mweusi mpaka kiwikoni, ukasukuma kipande cha boksi kwenye mchanga, ukakigeuza upande safi juu, ukakinyoosha vizuri mbele ya mkewe, karibu na pale alipolala yeye.